Sinia la Sambusa Mbele ya Meya

Idil, uko? Shika simu. Sugow ametumaliza.

Si unajua leo madiwani wa kale kamji walikuwa wanaamua kama vibanda vyetu vitabaki pale sokoni? Huyu bwanangu akaona aibu kwenda mikono mitupu. Akatoka hapa mtaani kwetu Sparkbrook na sinia zima la zile sambusa zako, akaliweka mbele ya meya. Kabla ya kura!

Wallahi, KABLA YA KURA.

Anasema madiwani walisukuma viti nyuma. Hakuna aliyegusa hata moja. Karani akainuka, akalipiga sinia picha. Kisha meya, na ule mkufu wake mzito wa umeya kifuani, akamuuliza polepole, "Hii imetoka kwa nani?"

Sasa wewe unamjua Sugow. Kwake zawadi haipelekwi kwa jina la mtu mmoja, huo ni uchoyo. Akatabasamu, akasema imetoka kwetu sote wenye vibanda. Akataja jina moja moja, karani akiandika.

Amerudi ananiuliza mbona hawakula. Nikamwambia hapa ughaibuni hiyo inaitwa hongo.

Idil, alianza na jina lako. Alitaka wajue ni nani aliyezikaanga.