Nilifungiwa Kiti Kimoja na Mama Mkwe

Mama Régine mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga wa pili, maana wa kwanza nimeshaufanya mbele ya Nchelenge nzima.

Mimi ni Mkongomani, nanunua samaki hapa ziwani na kuwavusha ng'ambo kwetu, nimemwoa Chilufya, Mbemba wa kisiwa cha Kilwa humu humu ziwani, tuna watoto wawili, na miaka yote hii mama yake nimemjua kwa mgongo tu, kwa sababu kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani mpaka siku familia ya mke itakapoamua, nami nimeiheshimu desturi hiyo, hata nikimwona njiani naingia kwenye mihogo ya watu.

Sasa sikukuu ya Uhuru, mwezi wa kumi, walikuja watu wa migodini Copperbelt na lori la mabembea, pamoja na lile gurudumu kubwa la viti linalozungushwa kwa jenereta, tukaenda wote, mimi mbele peke yangu, Chilufya na watoto katikati, bibi yao nyuma kabisa, kila kitu sawa, mpaka Gaëlle, yule mkubwa, akasema hapandi bila bibi, bibi akapanda naye, halafu Elliot mdogo naye akalia anataka, Chilufya ana mimba hawezi, nikambeba mimi nikidhani tutapewa kiti chetu, lakini mwenye mashine akapiga kelele, "Famili moja, kiti moja!", akanisukuma, akafunga chuma, nikajikuta bega kwa bega na mama mkwe, yeye kajifunika kitenge usoni, mimi nimegeuza shingo mpaka inauma, na tulipofika juu kabisa jenereta ikazimika.

Watu wote chini walikuwa wanatuangalia. Elliot akaanza kujitupatupa kwa woga, ndipo nikasikia sauti ambayo haijawahi kunisemesha, ikiniita kwa heshima ya kwao: "Mukwai, shikia mutoto muzuri! Ataanguka!" Nikamshika. Gaëlle akatapikia kitenge cha bibi yake, nami bila kufikiri nikatoa leso nikampangusa, ndiyo, mama mkwe, kwa mkono wangu huu. Akafunua uso, akatazama ziwa, akasema, "Kilwa yetu iko kadogo vile?" Akacheka, nami nikacheka. Tuliposhushwa akaondoka bila kunitupia jicho, akapanda mtumbwi kurudi kwake, na kimya tangu siku hiyo.

Juzi mwenye mtumbwi ameniletea ujumbe wa mama mkwe: nisisafiri Jumamosi ya kabla ya Krismasi, nina ndugu wangapi upande huu, na samaki gani sili. Chilufya nikimuuliza anafunika mdomo na kukimbilia jikoni, sijui analia au anacheka. Mdogo wangu Parfait, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake, anasema, "Bako nakuita ku kesi, yaya. Bataleta bazee bakulipishe. Vuka ng'ambo, ukae mupaka basahau." Mtumbwi uko tayari Ijumaa. Mama, naogopa kunyang'anywa mke na watoto, na kichwa changu hakijui tena kushoto wala kulia. Nikimbie au nibaki?

Mulumba, Nchelenge, Desemba 1997

Mulumba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilicheka nikashindwa kuimaliza. Pole kwa aibu ya kule juu. Sasa nisikilize, maana uko karibu kuharibu.

Umeona wapi mshitakiwa akaulizwa samaki gani hali? Unajua kwamba siku ya kutazamana huamuliwa na familia ya mke, lakini hukujiuliza hata mara moja wanaianzaje. Kwa chakula, baba! Mama mkwe anapika, wanawake wa kwao wanaleta vyungu kwa nyimbo, wewe na ndugu zako mnafunuliwa kimoja kimoja, na kuanzia hapo mihogo ya watu inapumzika. Anauliza idadi yenu kwa sababu anapima unga. Mkeo anacheka, mjinga wewe, ila amekatazwa kukuambia.

Ndiyo, ulimgusa, na kwa desturi ni kosa. Lakini yule mama ana macho, aliona ulivyomshika mjukuu wake. Angekuwa na hasira angetuma wazee, asingeulizia tumbo lako.

Basi mwambie mwenye mtumbwi kwamba Ijumaa huendi, na umpe jibu la kumpelekea mama mkwe leo hii. Kuhusu samaki sema ukweli, usije ukasukuma pembeni chungu alichohangaika nacho. Mnunulie kitenge kipya, kile kimeshatapikiwa. Siku yenyewe vaa soksi zisizo na matundu, kaa utakapooneshwa, usiguse chakula kabla ya kuambiwa, na vyombo vyao visirudi vitupu. Parfait mwite aje kula, mdomo wake aufungue wakati huo tu.

Kule juu mama mkwe wako alisema nawe kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Jumamosi anavuka ziwa kuja kusema nawe hapa chini, kwa kutaka mwenyewe. Sasa usikimbie wewe.