Mrija Nilioufuta kwa Gauni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nyumba uliyohamia huko Biharamulo naijua, ila nimeshindwa kuja kubisha hodi. Nakuandikia waziwazi kwa sababu kosa langu nililifanya mbele ya watu hapa Ntobeye.

Wewe ndiye uliyenifundisha kukamua mtobe, juisi yetu ya ndizi mbivu. Kabla ya wengine ulinipa mrija wako: "Vuta, mwalimu wangu, uniambie kama imekolea." Mwalimu! Nilikuwa darasa la tatu.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, kichwa kikakuuma wiki tatu, shingo ikakakamaa, ukawa unajifunika kanga usoni kwa kuogopa mwanga. Hospitalini nilikutafsiria kwa Kihangaza. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo iliyoletwa na fangasi. Nikainama. Kwenye daftari langu la Biolojia nilikuwa nimeandika kwamba hiyo huwapata wenye UKIMWI.

"Mama, tumekupima mara mbili, VVU huna," akasema. "Kinga yako ni nzima. Ni nadra, lakini hutokea. Na haiambukizi kwa kula wala kunywa pamoja."

Nilikutafsiria yote. Mwenyewe sikuyaamini.

Uliporudi, umepona lakini umekonda, tulikaa uani na majirani, kibuyu cha mtobe kikizunguka. Ukaninyooshea mrija. Nikaufuta kwa gauni, nikasita, nikauweka chini. Nikakuletea kikombe chako peke yako.

Jirani yetu Mama Jeni akaguna. "Heee! Msomi kajua kitu." Akaninong'oneza, "Ni ule ugonjwa?"

Maneno ya daktari nilikuwa nayo mdomoni. Nikanyamaza, na wote wakaona ninanyamaza.

Ukasema tu, "Asante, mwalimu." Mwezi haukuisha, ukafungasha.

Watu husema mimi ni binti wa haya. Siku ile haikuwa haya, Shangazi, ulikuwa woga. Na hata ungekuwa na VVU, mrija usingenidhuru. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikapata.

Jumapili iliyopita nilisimama uani palepale, nikawaeleza wote alichosema daktari, na kwamba nilikijua tangu mwanzo. Mama Jeni akauliza, "Sasa mbona siku ile ulituacha tuseme?" Nikamjibu, "Niliogopa." Nawe nakujibu hilohilo.

Mrija wako ninao. Nitakuja nao, na mtobe niliokamua mwenyewe. Utakunywa kwanza. Ukininyooshea, sitaufuta.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
uliyemwita mwalimu.