Dawa ya Banda na Mikono ya Evelyn

Kilema, Moshi
14 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Winfrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe na shemeji? Mgongo wako umetulia, au bado unainama shambani bila kumsikiliza mtu? Mimi mzima, ni goti tu linalonisumbua. Ng'ombe amezaa dume, nami nilitaka jike.

Evelyn atakuwa ameshafika kwako Songea, na mikono yake umeiona. Pengine amekueleza kwa nini ameondoka kwangu, pengine amenyamaza, maana mwanao ana staha. Simwamini mtu mwingine akusimulie, ndiyo maana naandika mwenyewe.

Yale mabaka meupe yalianza Novemba kwenye vidole, yakapanda hadi kwenye vifundo vya mikono. Mara moja nikasema huu ni mkorogo. Anayejichubua hung'aa uso, vidole vikabaki vyeusi. Kwa Evelyn ilikuwa kinyume kabisa, lakini mwenye shaka haoni anachokitazama. Alipokwenda misa nikapekua begi lake. Nilikuta mafuta ya mgando, nikayanusa mara tatu. Nikaamua krimu ameificha kwa jirani.

"Mama mkubwa, mimi sijajipaka kitu," aliniambia huku analia. Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Jirani yetu Filbert ndiye aliyempeleka kwa daktari wa ngozi mjini. Nami nikafuatana nao, nisije nikadanganywa. Daktari hakuuliza habari za krimu, aliuliza nyumbani anafanya kazi gani. Tukamwambia anaosha banda la ng'ombe, kwa brashi na mikono mitupu, kwa ile dawa nyeusi ya kuua vijidudu. Daktari akasema baadhi ya dawa za namna hiyo zina kemikali inayoua chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Si kama jiki inavyopausha nguo; hapa rangi inakosa wa kuitengeneza. Haiambukizi. Akiiacha dawa, rangi huenda ikarudi polepole, na huenda isirudi.

Kisha akauliza kipimo. Winfrida, dawa nilikuwa naipima mimi. Chupa inasema kizibo kimoja kwa ndoo. Nilikuwa na hakika muuzaji wa Himo ameshaichakachua kwa maji, basi nikawa natia vinne. Nimefanya hivyo miezi mitano.

Kesho yake Evelyn akafunga begi.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Sikupiga simu kwa sababu jani halipiti kwenye simu. Nimelifunga fundo mbele ya Filbert, asije mtu akasema limejikunja njiani. Mpe Evelyn mkononi, wewe usimpokelee. Kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe, unajua. Lakini hata hilo nimelitilia shaka: msamaha usiokatalika nitajuaje kama ni wa kweli? Mwambie akitaka kukataa, akatae. Sitamshtaki kwa wazee.

Nisalimie shemeji, na Grace na Godlove. Filbert anawasalimu. Mungu awalinde, na amrudishie mtoto rangi yake.

Banda sasa naliosha mwenyewe, kwa sabuni ya mche. Mikono yangu ni myeusi vilevile kama zamani, na naona aibu kuitazama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa mkosaji,
Mektrida