Jicho la Kushoto la Shiru

Jumanne, 7 Oktoba
Nimefua nguo za watu Spring Valley hadi saa nane. Nikianika, ndege mdogo wa mdomo uliopinda akaja kwenye maua kando ya kamba. Nimempiga picha kumi na moja kwa simu. Moja tu ndiyo imetoka. Lakini hiyo moja! Shingo inang'aa kama mafuta juu ya maji. Nikasahau mgongo unaouma.

Nyumbani nimempiga picha binti yangu Shiru mlangoni. Miaka miwili na meno yote nje. Picha mbili jicho limetoka jeupe kama la paka. Nimefuta moja, nyingine nimeiacha kwa sababu ya hayo meno. Simu hii imezeeka.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemtumia Musyoka picha tatu za Shiru achapishe. Ana studio mjini, juu ya duka la vitambaa. Ni za kumpa Shosho, bibi yake Shiru, mamake mume wangu Kamau. Shiru amepewa jina la Shosho, kwa hivyo kwake Shiru ni yeye mwenyewe. Hushika picha na kusema, "Ona vile nimenona!" Kamau hucheka hadi anakohoa. Lazima picha ziwe safi. Utampelekeaje Shosho sura yake ikiwa mbaya?

Jumamosi, 11 Oktoba
Naandika tu.

Nimeenda kuchukua picha. Nikamsifu Musyoka kwamba kwake zinatoka poa kuliko kwa simu.

"Mama Shiru, si ni mimi hutengeneza! Ile jicho ya mtoi wako hung'aa, naipaka nyeusi. Tangu Pasaka, bure, na hata soda hujawahi niletea."

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka. Halafu nikauliza ni jicho gani.

"Si ni hiyo hiyo moja. Ya kushoto."

Alikuwa bado na zile nilizomtumia. Akazifungua kwa kompyuta. Ya Pasaka, nukta nyeupe tu. Ya Juni, kubwa kidogo. Ya juzi, jicho lote. Nyingine hazina hata flashi, ni mwanga wa dirisha. Musyoka akazima redio. Akasema alidhani ni taa.

Mimi pia. Na mimi ndiye mama.

Jumapili, 12 Oktoba
Hatukuenda kanisani. Nilimfunika Shiru jicho la kushoto kwa kiganja, kama mchezo. Akaendelea kula ndizi. Nikafunika la kulia. Akapiga nduru, akausukuma mkono wangu.

Kamau aliona. Akatoka nje, akasimama kando ya tangi la maji. Hakurudi upesi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kliniki, hapa Riruta. Daktari alimulika jicho mara moja tu. Akaandika barua twende hospitali kubwa. Kesho, si wiki ijayo. Sijawahi kuona daktari akiharakisha hivyo.

Jumatano, 15 Oktoba
Saratani. Ndani ya jicho. Sikujua hata inaingia huko. Sikujua inaingia mtoto.

Hospitali kubwa wanasema jicho hilo halioni na halitaona tena. Litolewe, saratani isije ikapanda kwenye ubongo. Nikamuuliza daktari, na kama tungekuja Pasaka? "Umekuja sasa, mama."

Nimelichukia jibu hilo. Nimeichukia simu. Nilifuta picha ngapi mimi?

Alhamisi, 16 Oktoba
Shosho amekuja. Nilijua atanilaumu, na nilitaka anilaumu. Alifunika jicho lake la kushoto kwa mkono, akakaa hivyo hadi chai ikapoa. Kisha akasema, "Wacha wanitoe hilo. Nitawaona tu na hili lingine."

Nililia mbele yake bila aibu.

Jumanne, 21 Oktoba
Wamelitoa. Muda wote Kamau alikuwa ameshika kiatu kimoja cha Shiru. Hakukiweka chini hata alipoenda msalani.

Ameamka akilia. Sauti ni yake ile ile. Sasa tunangoja majibu ya maabara.

Ijumaa, 31 Oktoba
Saratani haikutoka nje ya jicho. Nilimwambia daktari arudie. Akarudia. La kulia ni zima, ila watakuwa wakilichunguza kila baada ya muda. La bandia atawekewa kidonda kikipona. Kwa jicho moja atakuwa akikosea umbali, lakini atajifunza.

Tulipotoka tulipitia Hurlingham. Miti ya jacaranda imemwaga maua barabara nzima. Shiru, na bandeji yake, aliyaokota akajaza mfuko wa sweta. Nikampiga picha. Ya kwanza tangu siku ile ya kwa Musyoka. Kamau akaniambia nipige nyingine. Tulikaa hapo sana.

Jumatatu, 3 Novemba
Asubuhi nimemwekea uji mezani. Akanyoosha mkono. Ukapita kando ya kikombe, ukashika hewa. Nikainuka nimsaidie. Nikakaa tena.

Akakunja uso. Akarudisha mkono polepole, akakigusa kwanza kwa kidole, kama anayegonga mlango. Kisha akakishika kwa mikono miwili.

Amekunywa wote. Ameomba mwingine.