Mama Asiyetajwa

Al Khuwair, Maskati

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekusaidia? Mimi mzima, ila nimechoka. Mchana kutwa natafsiri habari ofisini, joto halipungui hata jua likizama, na ujumbe wako wa sauti kuhusu Rehema nimeusikiliza mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Umesema mdogo wangu alikuja nyumbani jicho limevimba. Ukamkanda, ukampikia, kisha ukamrudisha kwa mumewe na sinia la pilau ili wakwe wasinune. Ukamsifu kwa kuwa hakulalamika.

Jana alasiri nilikuwa kwa Bi Zuwena, mwenye nyumba wangu, mzaliwa wa Unguja. Mjukuu wake, Salma, yuko chuo kikuu na ana mtihani wa mashairi ya kale ya Waingereza, ya enzi za wafalme na makasisi wao. Huniomba nimsikilize akijieleza. Alisema mengi yanafanana: mwanamke mwema anasingiziwa, anapigwa, anafukuzwa au anauawa, naye kimya. Kila akiumizwa, mshairi anazidi kumsifu. Vidonda ndivyo ushahidi wa wema wake.

Bi Zuwena alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na mamaake yu wapi?"

Salma akapekua karatasi zake. Baba yumo, mume yumo, kasisi yumo. "Hatajwi, bibi."

"Basi mtunzi mjanja huyo. Angemtia mama, hadithi ingekwisha mapema, na mtihani wako ungekuwa mfupi."

Salma akacheka. Mimi sikucheka. Nilipokuwa naripoti mahakamani huko nyumbani, niliwaona wanawake kama hao, na mama zao walikuwepo. Ndio waliowarudisha.

Sikulaumu. Najua nawe bibi, mama yako, alikurudisha vivyo hivyo. Naomba jambo moja tu. Chumba changu cha uani kina magunia ya mkaa. Yatoe, tandika kitanda, kamchukue Rehema kabla ya Ijumaa. Usibebe sinia. Mumewe akija kuuliza, mwambie yuko kwa mama yake.

Nisalimie shangazi mshonaji, na mjomba Athumani, msuluhishi wetu. Mwambie safari hii apumzike. Rehema usimpe salamu zangu. Mpe simu, akiwa ameketi kwenye kitanda changu.

Mwanao,
Mwanaidi