Mbwa Aliyejificha Migombani

Kambini kwetu,
Dar es Salaam

Mdogo wangu Tusekile,

Ndaga sana, asante kwa barua yako. Kwanza kabisa ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye akiumwa tumbo siku moja tu, nusu ya maghala ya jiji hili yanalala bila ulinzi. Sijisifu, nakueleza hali ilivyo. Tangu mambo ya ruksa yaanze na biashara kuachiwa huru, kila mwenye duka la redio na kila mwenye ghala la mitumba anataka mbwa mkali getini, na mbwa wa kampuni yetu, wakubwa kwa wadogo, wanamjua Ambokile. Meneja mwenyewe akitaka kupita bandani husimama kwanza kule mbali akaita, "Ambokile, wametulia?" Nikisema bado, anarudi ofisini kwake taratibu.

Sasa nirudi kwenye salamu. Hujambo wewe? Miguu inaendeleaje na baridi hiyo? Mvua imewaachia mkakausha maharage, au bado inanyesha tu? Mimi ni mzima, ila joto la huku linamaliza mtu, na sijaonja maziwa ya mgando ya maana tangu nilipoondoka Kisondela.

Habari za Baba nauliza kwa moyo mzito. Barua yako uliyompa kondakta nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nimekaa chini. Umesema Baba ameanguka kwenye utelezi, karibu kabisa na nyumbani, nyonga imevimba, na sasa anashinda kitandani ameelekea ukutani. Umesema alikuwa ameshika kamba ya mbwa wetu Kamanda, wanatoka kanisani vizuri, na walipokaribia nyumba Baba akakohoa kama kawaida yake, mbwa akachomoka na kamba, akazama migombani. Baba akabaki na mikono mitupu na macho yake yale yaliyojaa ukungu.

Hilo peke yake lingetosha kuninyima usingizi. Lakini ukaongeza kwamba baba zetu wadogo wanasema mbwa hamkimbii mwenye nyumba hivihivi mpaka awe ametiwa kitu, na anayempikia ni mmoja tu, mke wangu Subilaga. Kwamba Jumapili baada ya ibada watakaa, na wakiridhika, Subilaga atafungiwa vitu vyake arudishwe kwao Mpuguso. Nawe ukaandika, "Kaka, mimi sisemi ndiyo wala sisemi hapana, ila mbwa wako anamkimbia Baba kama anadaiwa."

Tusekile, nimetetemeka. Mimi! Unamkumbuka yule chui niliyekutana naye likizo iliyopita, pale njia inapopinda kabla ya kufika kwetu? Niliingia ndani usiku umeshaanza, suruali imelowa umande mpaka magotini, nikawaeleza jinsi nilivyomkazia macho mpaka akaona haya akaondoka. Basi mbele ya chui huyo sikutetemeka. Barua yako imenitetemesha.

Naomba usome yafuatayo polepole, ukiwa umekaa.

Kamanda nilimleta mimi, kwenye kikapu, angali mdogo wa kulala ndani ya kofia. Mnajua kwa nini. Baba alikataa kushikwa mkono. Nilimwambia, "Baba, Tusekile atakuongoza kwenda kanisani." Akasema, "Mimi si mbuzi wa kuvutwa." Nikaona kwa mbwa hataona aibu, maana mzee anayetembea na mbwa ni mwenye mbwa, hakuna atakayesema anaongozwa. Nikagawa kazi kwa haraka, kesho yake nina safari. Wewe umzoeshe kamba. Baba awe anamwamuru. Subilaga, kwa kuwa ndiye mwenye jiko, amlishe. Nikajiona nimepanga kama serikali.

Nilikosea hapo kwenye chakula. Mbwa ana mkubwa mmoja tu, naye ni yule ambaye mkono wake unanuka ugali. Huku kambini nilikuwa na dume moja, wezi wakamrushia pande la nyama lenye dawa. Hakula. Alilibeba mdomoni mpaka mlangoni kwangu, akaliweka chini, akanyanyua mguu wa mbele namna ya saluti. Waulize walinzi wote. Si kwa kuwa nilimpiga kumfundisha, ni kwa kuwa alikuwa anakula mkononi mwangu. Atakachofanya anayemlisha, mbwa naye atakifanya.

Haya, Subilaga anafanya nini kila siku?

Nilimsimulia mwenzangu mmoja hapa kambini, mtu wa Tanga, nikiwa nimeishika barua yako. Nikamwambia kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamwangalii, hasemi naye, hamtaji jina. Mzee akikaribia nyumbani anakohoa, mkamwana anaacha alichoshika, anajifunika khanga, anaingia migombani mpaka mzee apite.

Yule Mtanga akauliza, "Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Kwetu ni lini isiponyesha?"

Akatikisa kichwa. "Na huyo mbwa anayelishwa naye, wakati huo yuko wapi?"

Nikaifunua tena barua yako. Tusekile, yuko naye! Tangu angali mdogo, kikohozi cha Baba kikisikika, mama yake wa ugali anajificha, naye anajificha. Hajatiwa kitu chochote. Amelelewa na mkamwana, amekuwa mkamwana. Siku ile utelezini aliposikia kikohozi alishika adabu kama alivyofunzwa, masikini, bila kujua kwamba kamba ina mtu.

Na ninyi hamkuwaona kwa kuwa wewe saa hizo uko shambani au sokoni, Baba macho yake ndiyo hayo, na mwenyewe Subilaga ameingia huko ili asionekane. Ni nani angemfuata mkamwana migombani kutazama amejificha na nani?

Sasa kazi tuigawe upya. Mpishi abaki Subilaga, lakini asimpe mbwa chakula kwa mkono wake hata tonge. Wewe kipokee mlangoni kwa jiko, kama unavyopokea chakula cha Baba, ukipeleke kwa Baba. Baba akae hata kitandani, akohoe kwanza, kile kikohozi chake hasa, ndipo aweke bakuli chini. Akohoe, aweke. Mbwa asipate kitu mahali pengine popote, wala kwa majirani, wala kwako, najua una huruma za kutupatupa maganda. Baba akisikia kikohozi chake kinamleta mbwa mbio, nafikiri hata ukuta ataacha kuutazama.

Nyonga ikipona, wewe tembea nyuma yao umeshika kamba ya pili, na usiseme neno. Neno liwe moja, la Baba. Wakati nilipokuwa huko nilisikia wewe unamwambia "njoo", Baba anamwambia kwa Kinyakyusa, na mimi nampigia Kiingereza cha kambini. Hata mtu mzima angeingia migombani.

Na Subilaga akisikia kikohozi, kabla ya kuondoka amfunge Kamanda kwenye nguzo ya kibanda cha kuni. Ajifiche peke yake.

Hapa nimesimamisha kalamu kidogo. Maana nimeona ninachomwagiza. Mimi niko huku, mwaka unapita naja siku chache, mtoto Mungu hajatujalia, na kiumbe pekee kinachoingia naye migombani na kukaa ubavuni mwake kwenye mvua ni huyo mbwa. Nami naagiza afungwe nguzoni. Mwambie wifi yako kwamba nimeliona hilo. Mwambie pia kwamba Baba akishalala, Kamanda afunguliwe alale jikoni kwake. Asimlishe, lakini amshike kichwa. Haliharibu mafunzo, na kama linaharibu, basi liharibu.

Nisalimie Baba, umwambie mwanawe anamwombea. Nisalimie mama mdogo wa nyumba ya juu, anayetuletea mbegu za maharage, na mzee wa kanisa jirani yetu aliyembeba Baba siku ile mpaka ndani. Shangazi wa Lupepo mwambie vitenge nimeviona, bei zinazungumzika. Na baba zetu wadogo, wasalimie kwa heshima zote, kwa sababu barua hii nataka uwasomee hiyo Jumapili, kabla hawajafungua kikao.

Lakini nawajua. Watasema, "Ambokile yuko Dar, amejuaje ya migombani? Nani aliyeona?" Na wakisikia habari za dume la saluti watacheka, wataendelea na yao. Wanataka shahidi. Subilaga hawezi kusimama kusema mbele yao, na hata akisema hawatamwamini.

Kwa hiyo shahidi ni mimi. Nilitaka kukuandikia sehemu hii uisome peke yako, nikaona haitamsaidia mtu. Isome kwa sauti.

Hapakuwa na chui.

Jioni ile nilishushwa na lori la chai kule barabarani, nikatembea nimevaa koti langu jipya, redio begani. Pale njia inapopinda baridi ya kwetu ikanishika kifua, nikakohoa. Mbele yangu nikaona mwanamke anatua ndoo, anajifunika khanga, anaingia migombani, na mbwa nyuma yake. Nikadhani ni wezi wa ndizi. Nikawafuata, umande ukanilowesha. Nikawakuta wamechuchumaa chini ya mgomba, wamenipa mgongo, mwanamke ameinamisha kichwa na mbwa naye ameinamisha kichwa vilevile. Wakati ule niliona aibu yangu tu. Ya mbwa sikuyafikiria mpaka barua yako ilipofika.

Nikasema, "Subilaga, ni mimi." Hakugeuka. Nikasema tena. Akajifunika zaidi. Kumbe nimezeeka, Tusekile. Kikohozi changu kimekuwa kile cha Baba, na sauti nayo imefuata. Nilisimama pale giza likiingia, namtajia mke wangu wa ndoa jina langu mwenyewe, naye haniamini.

Mwishowe, kwa kukosa la kusema, nikaanza kumweleza jinsi meneja anavyoogopa kupita bandani bila ruhusa yangu. Nilipofika kwenye "Ambokile, wametulia?" akacheka ndani ya khanga, ndipo akageuka.

Ni mimi kaka yako, mwenye kikohozi cha Baba,
Ambokile