Sauti ya Daktari, Saa Saba Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Tamthilia ni mbovu. Niliandika hivyo Januari na leo naandika tena. Wanawake wanalala na wanja na hereni na kuamka navyo vilevile. Daktari ana hospitali nzima na sijamwona akimpima mtu hata joto – kazi yake kusimama dirishani na kusema mambo mazito. Mwigizaji mwenyewe ni mtu wa ng'ambo. Midomo inakwenda huku, maneno kule.

Lakini maneno ni ya mume wangu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuingiza sauti. Miaka sita Daktari amesema kwa koo lake. Tulimzika Januari na bado anasema, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa saba mchana. Studio walikuwa wamerekodi mbele vipindi hamsini.

Bosi wa duka la miwani ananiruhusu kula nyumbani. Nazima mashine ya kusaga lenzi saa saba kasorobo, natembea mitaa miwili, nafika wimbo wa mwanzo unapigwa. Mama mkwe yuko tayari, goti karibu liguse televisheni. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, picha haimhusu.

Huniuliza tu amevaa nini leo.

Koti la kijivu, Mama.

Anaitikia kwa kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyelipiga pasi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza kile kitabu cha upelelezi alichoniazima bosi. Kizuri, nusu ya usiku sikukiacha. Lakini nina ugomvi na mwandishi. Ameua watu watano na hakuna hata mmoja aliyeacha viatu mlangoni. Hakuna aliyeacha dawa ya meno imeminywa katikati. Mtu anakufa ukurasa wa arobaini, ukurasa wa arobaini na moja kila mtu anazungumzia ufunguo.

Kwenye simu bado nacheza ule mchezo wa shamba. Mchezo wa kitoto, sikatai, ng'ombe wana kope. Mume wangu alikuwa jirani yangu humo. Asubuhi mchezo umeniletea ujumbe: jirani yako hajaonekana siku nyingi, mazao yake yanakauka, je, ungependa kumsaidia?

Nimemwagilia. Nilichelewa kazini dakika kumi nikimwagilia mahindi ya kwenye kioo.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi sauti wa studio amekuja dukani. Yule mrefu, vipokea sauti shingoni hata akiwa barabarani. Ndiye aliyekuwa upande wa pili wa kioo cha studio siku ile moyo wa mume wangu uliposimama, ndiye aliyemlaza chini. Kwa hiyo sipendi kumwona, si kosa lake.

Alijifanya anaangalia fremu. Alijaribu tatu. Halafu akasema vipindi vya mume wangu vinakwisha Alhamisi ya tarehe 20. Na tamthilia bado ina mwaka mzima. Wakubwa hawataki sauti mpya, watazamaji watalalamika. Kuna kompyuta sasa. Wameipa rekodi zake zote za miaka sita na inaweza kuendelea naye – hilo ndilo neno alilotumia, kuendelea naye. Wanachohitaji ni saini ya familia.

Nikamuuliza inamjuaje.

Akasema, "Imemsikiliza, shemeji, miaka sita yote, kila neno."

Fomu aliyoniachia ni ukurasa mmoja tu. Nimeiweka kwenye mfuko wa koti la kazi, pamoja na kitambaa cha lenzi. Kompyuta imemsikiliza miaka sita. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikutazama kipindi hata kimoja. Nilikuwa na vitabu vyangu. Nilikuwa na ng'ombe wangu wenye kope.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandike vipi hili.

Kila jioni mume wangu alikuwa anauliza: umeonaje leo? Nami namjibu nikiwa nimeinama kitabuni. Kilikuwa kizuri. Umefanya vizuri. Miaka sita nikamjibu hivyo, wala sikuona ni uongo, niliona ni adabu.

Wiki ya mwisho ya mwaka aliuliza zaidi kidogo. Harusi ya Daktari umeionaje? Nakumbuka nilikuwa nakata kucha. Nikasema imependeza sana, nusura nilie. Akacheka kidogo, akaniambia asante, akaenda kuoga.

Leo saa saba na robo Daktari ameoa.

Leo. Tarehe 11 Machi. Nilikaa na kijiko mkononi nikihesabu miezi. Desemba harusi hiyo ilikuwa studio tu, ndiyo kwanza wameirekodi, hakuna mtu hapa kwetu aliyekuwa ameiona kwenye televisheni. Alijua. Alinitega, nikanaswa, na hakusema kitu. Akaenda kuoga! Na kesho yake jioni akauliza tena umeonaje, kwa sauti ileile, nami nikamjibu kizuri.

Kwa hiyo wiki mbili za mwisho alikuwa anauliza huku anajua.

Na harusi imependeza kweli. Hilo ndilo linaloniua. Nimelia.

Jumatano, 12 Machi

Nimemsomea mama mkwe fomu. Nilikuwa naogopa. Siku zote nimedhani kwamba pale mbele ya televisheni hajui vizuri mwanawe yuko wapi, na sikutaka kuwa mimi wa kumwambia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Najua amekufa, mwanangu. Nilimzaa mimi. Mchana napenda tu kumsikia akigombana na watu."

Nikamuuliza basi nitie saini au nisitie. Akasema mke ni mimi. Akaniomba nimtafutie kitambaa chake cha kichwa, na kilikuwa kichwani.

Jumanne, 18 Machi

Anahema.

Ilianza jana, nikadhani ni televisheni. Leo nimesogea, nimekaa sakafuni karibu na spika. Kabla ya kila sentensi ndefu kuna pumzi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi. Kwenye ugomvi na baba mkwe wake, Daktari anatakiwa kupaza sauti – mwigizaji mishipa imemtoka shingoni – na sauti haiendi. Inafika mahali inageuka. Anamalizia chini chini. Kwa asiyejua ni ustadi, hasira ya mtu mzima. Kwa kweli, kama mtazamaji tu, ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizofanya.

Huyu ni yeye wa wiki ya kwanza ya Januari. Wiki hiyo nilikuwa naye. Alikuwa anakula ameketi mkono wangu wa kulia. Nilisoma kitabu kizima wiki hiyo, nakumbuka hata jalada, na sikusikia pumzi hii.

Mama mkwe aliuliza amevaa nini. Nikasema shati jeupe. Akasema, kachoka. Nikasema ndiyo, Mama. Akauliza Daktari au yeye.

Nimerudi dukani nikamkatia mteja lenzi za mtu mwingine. Ikabidi nianze upya.

Alhamisi, 20 Machi

Cha mwisho.

Maneno yake matatu tu leo kipindi kizima. Daktari anampigia mkewe simu kutoka kituo cha treni. "Nitachelewa kidogo. Kuleni."

Halafu treni. Halafu matangazo ya sabuni.

Mama mkwe alizima mwenyewe, akaipapasa rimoti mpaka akakipata kitufe. Tukala.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kazini. Nimemdanganya bosi kwamba ni tumbo.

Saa saba kipindi kilipita bila Daktari, wamebandika wanawake wawili wakinong'onezana jikoni dakika ishirini na tano. Saa nane fundi sauti akapiga. Wakubwa wanataka jibu leo kabla ya saa kumi, la sivyo Jumatatu wanamwingiza kijana mwingine. Alizungumza kwa upole. Akasema hataki nitie saini kitu nisichokisikia. Nimtumie sentensi moja, yoyote, kompyuta iiseme, ndipo niamue.

Nikaandika, nikafuta. Niliandika nisamehe – nikaona si yeye wa kuomba msamaha. Niliandika umeonaje, kidole kikakataa kutuma. Mwisho nikamtumia ile ya mlangoni. Kila siku mume wangu akirudi, ufunguo anao mfukoni, lakini atasimama nje na kubisha kama mgeni: wenye nyumba mpo? Akiivuta ile mpo. Hakuna rekodi ya hilo. Studio hawajawahi kulisikia. Nikasema hapa kompyuta itashindwa, na mimi nitapumzika.

Kipande kikafika. Sekunde tatu. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, kwa hiyo nilibonyeza palepale mezani.

Imeivuta. Imeivuta ileile.

Nilikuwa bado natazama simu niliposikia stuli yake ya miguu ikianguka. Mama mkwe alikuwa amesimama. Hakupapasa ukuta kama kawaida yake, alikwenda moja kwa moja, akatoa komeo, akafungua mlango wote. Akasema, "Tupo."

Akangoja. Mvua ilikuwa inampiga miguuni.

Nilimwita. Nikamwambia Mama, ni simu. Akasema najua ni simu. Nikamwambia basi tufunge. Akasema tuache kidogo, ndani kuna joto.

Hakuna joto. Nimevaa sweta.

Sasa ni saa kumi kasorobo. Naandika hapa mezani, fomu iko chini ya daftari. Fundi amepiga mara mbili. Mama mkwe amevuta kiti chake mpaka mlangoni na kukaa, uso nje, maji yameshafika kwenye mkeka. Ameniambia nibonyeze tena. Nimemwambia simu imeisha chaji. Ameinua kichwa kidogo, kana kwamba anasikiliza namna ninavyodanganya, akasema haya, niichaji, atangoja.